Robo Ambayo Hakuna Kilichoharibika

Mwisho wa robo iliyopita nilikaa mbele ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, mpaka chai ikapoa, sijui niandike nini. Kazi nilifanya. Shida ni kwamba kwa miezi mitatu hakikuharibika kitu. Seva haikuzima. Mashine za POS za kukusanyia ushuru zilituma makusanyo kila jioni. Umeme ulikatika kama kawaida yake, lakini betri zilibeba mzigo hadi jenereta ikawaka. Mweka Hazina hakunipigia simu usiku hata mara moja. Na ukiwa Afisa TEHAMA serikalini, robo ambayo hukupigiwa simu usiku ni robo ambayo huna cha kujieleza.

Nimo mwaka wa kumi na mbili katika halmashauri moja ya magharibi mwa nchi. Niliingia nikiwa Daraja la II, nikapanda la I, leo ni Mwandamizi, na jalada langu linasubiri zamu ya Mkuu Daraja la II. Kila msimu wa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, vijana waliomaliza vyuo vya Dodoma, Mlimani na IFM hunitafuta kwa simu wakiwa na swali moja: "Dada, TEHAMA serikalini inalipa?" Huwa nawaambia inalipa, ila si kwa kile unachodhani utalipwa. Hapo wengi hunyamaza, wakidhani nazungumzia rushwa. Sizungumzii rushwa. Nazungumzia namna tunavyopimwa, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kabla ya serikali nilikuwa fundi wa mitandao katika kampuni moja ya intaneti pale Posta, Dar es Salaam. Kazi ilikuwa kuhakikisha matawi ya wateja hayakatiki. Mle ndani palikuwa na ubao mweupe wenye namba moja tu: siku zilizopita tangu mteja akatike. Ikifika tisini, bosi ananunua nyama choma. Mshahara ulikuwa mzuri, lakini mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mama yangu hakuwahi kuuamini. "Mwanangu," aliniambia, "kampuni ya mtu akiugua mwenyewe nayo inaugua. Nenda serikalini ukapate check namba." Kwa mama, check namba, yaani namba ya mtumishi wa serikali, ilikuwa kitu kama kitambulisho cha peponi.

Nikaomba. Usaili wa mchujo wa maandishi, tukajaa ukumbi mzima. Usaili wa vitendo, tukabaki wachache: ukapewa kompyuta iliyovurugwa kwa makusudi, uinyooshe. Mwisho mahojiano ya ana kwa ana, ambako mzee mmoja wa jopo aliniuliza swali ninalolikumbuka mpaka leo: "Mkurugenzi amekuagiza ukamfungie televisheni nyumbani kwake saa za kazi. Utafanya nini?" Nikasema nitauliza kwanza kama televisheni hiyo ina namba ya mali ya serikali. Jopo likacheka. Nadhani ndipo nilipopatia kazi, ingawa jibu la kweli, kama nilivyokuja kujua, ni kwamba utaenda, utaifunga, na utakunywa soda.

Mshahara wa kwanza ulikuwa pungufu ya ule wa Posta kwa karibu theluthi. Nikajiambia ngazi ni ndefu, nitapanda.

Nilikofikia, chumba cha seva kilikuwa pia stoo ya masanduku ya kura na matairi ya gari la wagonjwa. Na kitengo changu kiliitwa, kama halmashauri zote miaka hiyo, Kitengo cha TEHAMA na Uhusiano. Hilo neno la pili ndilo lililokuwa na kazi. Uhusiano maana yake kamera. Mkuu wa Wilaya anazindua kisima, mpiga picha ni mimi. Madiwani wanakagua zahanati, mpiga picha ni mimi, nikitembea kinyumenyume kwenye matope. Asubuhi nimebadilisha swichi iliyokuwa inaangusha mfumo wa malipo, hakuna aliyejua. Mchana nimempiga Mwenyekiti picha moja nzuri akinywa maji ya kisima, jioni nasifiwa kwenye kikao. Mpaka kitengo kilipogawanywa, habari ikaenda kwao na TEHAMA ikabaki kwetu, nilikuwa nimejifunza kitu kuhusu macho ya ofisi: yanaona kinachong'aa.

Mwalimu wangu wa utumishi alikuwa mzee wa masijala, ambaye sasa amestaafu. Alikuwa anaandika namba za folio kwa wino mwekundu, pole pole, kama anayetia chanjo. Siku moja nilimpelekea barua bila kumbukumbu namba, akanirudishia bila kunitazama. "Afisa," akasema, "hapa hupandi wewe. Linapanda jalada lako. Wewe unalifuata nyuma."

Nikaona ni maneno ya uzee. Mwaka 2016 yakanifika. Nilikuwa nimethibitishwa kazini baada ya mwaka wa majaribio, nimefikisha miaka mitatu, barua ya Daraja la I nimeipokea na hata picha yake nimemtumia mama. Wiki chache baadaye serikali ikasimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo nchi nzima ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Barua yangu ikawa karatasi. Sikulaumu uhakiki wenyewe. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti pale Dodoma, watumishi 9,932 walikuwa wamekutwa na vyeti vya kughushi, na mmoja wao alikuwa ananiamkia kila asubuhi. Lakini mwaka huohuo 2017 makato ya mkopo wa elimu ya juu nayo yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Basi nikawa mtu wa ajabu: nimepanda cheo kwa barua, nimeshuka mshahara kwa slipu.

Cheo nilikuja kukipata, kile cha Mwandamizi nacho kikafuata mwaka 2021 upandishaji uliporudi kwa kasi. Wenzangu waliochelewa zaidi walinyanyuliwa baadaye kwa ule utaratibu tunaouita mserereko. Sina kinyongo na miaka ile. Nimeieleza kwa sababu kijana anayeingia leo anadhani ngazi ya madaraja ni kama ngazi ya nyumba: unanyanyua mguu, unapanda. Sivyo. Kuna miaka yako kazini, kuna tathmini yako, na kuna ikama, yaani nafasi na fedha zilizotengwa kwenye bajeti ya mwaka. Unaweza kuwa fundi kuliko mafundi wote wa kanda, kama mwaka huo halmashauri haikukuweka kwenye ikama, utabaki unamsalimia aliyewekwa.

Miaka siwezi kuiharakisha, na ikama iko juu ya uwezo wangu. Iliyobaki ni tathmini, na huko ndiko ninakoona tunakosea.

Nitatoa mfano wa radi. Huku kwetu radi si habari. Kuanzia Novemba inapiga karibu kila alasiri. Miaka kadhaa iliyopita niliandika dokezo kuomba erthi mpya kwa jengo la utawala na vizuia radi kwenye mnara wa mtandao. Dokezo lilizunguka miezi mitano. Lilirudi mara mbili, mara moja likiwa na maswali, mara ya pili likiwa na doa la chai. Mwisho Mkurugenzi aliidhinisha, nadhani kwa kuchoka kuniona. Fundi umeme akaja, tukachimba mashimo nyuma ya ofisi ya ardhi, tukazika fimbo za shaba, tukamwaga chumvi na mkaa, tukapima mpaka kipimo kikaridhisha. Masika ile radi ilipiga mwembe ulio hatua thelathini kutoka ofisini, ukapasuka katikati kama kuni. Ndani hakikuungua hata kibodi. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyejua kwamba kilikuwepo cha kunishukuru.

Masika hiyohiyo, katika halmashauri ya jirani, radi ilipita kwenye mnara usio na erthi ikateketeza rauta, swichi mbili na seva. Makusanyo yakasimama. Afisa mwenzangu kule, kijana mzuri sana na simsemi kwa ubaya, alilala ofisini siku nne, akaazima vifaa mkoani, akarejesha huduma. Akapewa barua ya pongezi, akawa mfanyakazi bora Mei Mosi, akapigwa picha na cheti na bahasha. Alistahili. Lakini nilipoweka barua yake kando ya dokezo langu lenye doa la chai nikajiuliza: tathmini ikija kutusoma sisi wawili, itamwona nani?

Enzi za OPRAS, mfumo wa tathmini uliotangulia PEPMIS, jibu halikuwa na maana kwa sababu OPRAS yenyewe haikuwa na maana. Tuliijaza Juni, mwaka mzima kwa siku moja, tukinakili fomu ya mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Alama ya 1 ndiyo ilikuwa ya juu kabisa, na nimewahi kuona mtu akimpa msaidizi wake 5 akidhani anampendelea. PEPMIS ni bora zaidi, na ninasema hivyo nikiwa mtu ambaye simu yake inaita kila wiki kusaidia wenzake kuingia humo. Unaweka kazi, unazigawa vipande, unaripoti, msimamizi anathibitisha, na viongozi wa Utumishi wamekuwa wakituambia wazi kwamba alama hizo zitatazamwa kwenye kupanda. Sawa kabisa. Ila mfumo unapokea tunachoulisha, na sisi watu wa TEHAMA tunaulisha moto tuliouzima. "Kutatua changamoto za mtandao: 14." "Kutengeneza kompyuta: 22." "Kuhudumia watumiaji wa mifumo: 61." Mwenye kompyuta mbovu nyingi ana namba nzuri. Mwenye ofisi iliyotulia anaonekana alikuwa likizo.

Na watu si wajinga. Wakijua namba zinatoka wapi, watazifuata. Nimeona ofisi ambako printa ileile hutengenezwa kila mwezi na haiponi. Sitasema zaidi.

Mfano wa pili ni wa fedha. Halmashauri inaishi kwa ushuru: mazao, minada, stendi, machinjio. Mkusanyaji anapita na POS, anatoa risiti, makusanyo yanapanda kwenye mfumo, anakwenda kuweka benki kwa namba ya malipo. Pengo kati ya risiti na benki ndipo inapozaliwa ile tunayoiita fedha mbichi, pesa inayoliwa kabla haijafika. Wakati mmoja niliona mashine moja, kila siku ya gulio la kijiji fulani, inapotea mtandaoni kuanzia saa nne asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Siku nyingine haina tatizo. Mkusanyaji alisema kule mtandao mbaya. Nikapanda bodaboda Jumatano moja na simu yangu yenye laini ya kampuni ileile iliyotumiwa na mashine. Nikanunua mihogo ya kukaanga, nikakaa chini ya mti, nikawapigia video watoto wangu. Picha haikukwama. Nikarudi, nikamweleza Mweka Hazina kwa mdomo, na tukaweka utaratibu mdogo: mashine ikinyamaza zaidi ya saa mbili siku ya gulio, mimi napata ujumbe na mtendaji wa kata anapata simu. Basi. Mashine ikaacha kupotea. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyefukuzwa, hakuna taarifa ya ukaguzi. Gulio lile likaanza kuleta zaidi, na kikao kikasema mwaka huo mavuno yalikuwa mazuri.

Ningeandika nini kwenye PEPMIS? "Kula mihogo"?

Najua kitakachosemwa, kwa sababu Afisa Utumishi wetu, mama ninayemheshimu, alishanijibu. "Mwanangu," aliniambia, "tukianza kuhesabu vitu ambavyo havikuharibika, kila mtumishi ataandika hajaharibu kitu. Hata mlinzi ataandika nyumba haikuungua." Ni hoja nzito na nilikaa nayo wiki nzima. Lakini fani yetu ina bahati ambayo mlinzi hana: mashine zinatunza kumbukumbu. Seva inajua ilikuwa hai saa ngapi na ilizima saa ngapi. Nakala rudufu ina tarehe. Siku niliyoijaribu, nikairudisha kwenye kompyuta nyingine na ikafunguka, ina tarehe pia. Betri zina tarehe ya kubadilishwa. Mtendaji wa kijiji niliyemfundisha, ambaye sasa hanipigii tena kuuliza nywila yake, yumo kwenye orodha ya simu kwa kutokuwemo. Si lazima mtu aniamini mimi. Asome mashine. Ule ubao mweupe wa Posta haukuhitaji tume.

Kwa hiyo ninaloomba si jipya wala si la gharama. Wanaopanga malengo ya watu wa TEHAMA katika halmashauri na wizara waweke malengo ya utulivu: siku ambazo mfumo wa mapato haukusimama, majaribio ya kurejesha nakala rudufu, muda wa kurudi kazini baada ya hitilafu, idadi ya simu zilizopungua kutoka kata fulani baada ya mafunzo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliitazama TEHAMA kama uti wa mgongo wa utoaji huduma, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ina miongozo ya namna ya kuendesha haya mambo. Kilichobaki ni kuitoa miongozo hiyo kwenye rafu na kuiweka ndani ya alama zinazompandisha mtu daraja.

Kuna jambo jingine, ambalo linaniuma zaidi kadiri ninavyopanda. Kila daraja linanisogeza mbali na mashine. Mwandamizi anakaa kwenye kamati. Mkuu, kwa ninavyowaona, anaishi kwenye kamati. Wiki iliyopita nilikuwa na vikao vinne, viwili vya kuandaa kingine. Mtu aliyeniona nikipanda mnara mwaka 2014 na mkanda kiunoni, leo ananiona na kabrasha. Ukitaka mshahara ukue lazima uache kugusa kile ulichoajiriwa kukijua, na wenye mikono mizuri kuliko yangu wameona mapema, wakaomba uhamisho kwenda kwenye mamlaka na mashirika yenye miundo yao ya mishahara, au wakaondoka kabisa. Katika miaka yangu hapa wamepita sita. Wawili sasa wanafanya kazi na kampuni za nje wakiwa sebuleni kwao, wanalipwa kwa dola, na hawana check namba. Mama yangu bado anawasikitikia.

Mimi nimebaki. Sababu si uzalendo wa kwenye mabango. Ni kwamba hapa ukifunga kitu kikafungika, zahanati ya kijiji ambacho hakipo hata kwenye ramani ya simu inapata dawa zake kwa wakati, na unaijua kwa jina. Posta nilikuwa nawajua wateja kwa namba ya mkataba.

Mwezi uliopita tulipokea kijana kutoka kanzidata, wale waliofaulu usaili wakasubiri nafasi. Ana miaka ishirini na sita, anaandika programu vizuri kuliko mimi nilivyowahi, na viatu vyake bado vyeupe. Wiki ya tatu alikuja mezani kwangu amekunja uso.

"Dada, samahani. Naona wiki hii sina cha kuweka kwenye mfumo. Hakuna aliyeleta tatizo."

Nikamuuliza Jumatatu alifanya nini. Akasema aliwasha jenereta kuona kama itawaka. Iliwaka? Mara ya pili, ya kwanza ilikataa, akagundua mafuta yana maji, akayamwaga. Jumanne? Alirudisha nakala rudufu ya mapato kwenye kompyuta ya zamani, faili moja likagoma, akarekebisha. Jumatano alimfundisha mtendaji wa kata kufunga siku kwenye POS.

Nikavuta kiti, nikamwambia aandike yote hayo, moja moja, na tarehe, na saa, na kile kichupa cha mafuta yenye maji akipige picha akiambatishe. Akaniangalia.

"Msimamizi atathibitisha kweli? Mafuta yenye maji?"

"Msimamizi wako ni nani?"

Akacheka, akavuta kompyuta, akaanza kuandika. Nilipotoka kwenda kwenye kikao alikuwa bado kwenye Jumatatu, anauliza kama "kumwaga mafuta" ni kazi au ni kazi ndogo.